Zimamoto wa Kujitolea Katika Vijiji vya Marekani

Kabla ya kusoma

Zungumzeni kidogo darasani. Je, mmewahi kuona nyumba ikiungua? Nani walifika kwanza? Walikuwa na vifaa gani? Baada ya mazungumzo hayo, someni somo hili polepole, sehemu moja baada ya nyingine.

1. Nani atazima moto?

Ndugu msomaji, nyumba ikishika moto mjini, watu hupiga simu. Kikosi cha zimamoto huja na gari lenye king'ora. Watu wa kikosi hicho hulipwa mshahara. Hiyo ndiyo kazi yao, usiku na mchana. Lakini je, nyumba ikishika moto kijijini, mbali na mji, nani atakuja?

Katika somo hili tutaona jinsi watu wa vijiji vya Marekani wanavyolijibu swali hilo.

Ukisikia jina la Marekani, huenda unafikiri juu ya majiji makubwa na magorofa marefu. Lakini nchi hiyo ina maelfu ya vijiji na miji midogo. Kuna wakulima wa mahindi, wafugaji wa ng'ombe na wakata miti. Nyumba nyingi za mashambani ziko mbalimbali. Kutoka nyumba moja hadi nyingine unaweza kutembea kilomita nzima au zaidi.

Kijiji kidogo hakina fedha za kuwalipa watu wakae kituoni mchana kutwa na usiku kucha wakingojea moto. Na kikosi cha mjini kiko mbali. Kikifika, nyumba imekwisha kuwa majivu. Wahenga walisema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Kwa hiyo wanakijiji wenyewe ndio wazimamoto. Mkulima, mwalimu, fundi wa magari, muuza duka na muuguzi hujiunga na kikosi. Hawalipwi mshahara. Katika baadhi ya vikosi hupewa fedha kidogo tu kwa kila wito. Wanaitwa zimamoto wa kujitolea.

Usidhani kuwa vikosi hivi ni vichache. Mwaka 2020 Marekani ilikuwa na vikosi vya zimamoto zaidi ya 29,000. Katika kila vikosi 100, vikosi 82 vilikuwa vya watu wa kujitolea wote, au karibu wote. Katika kila wazimamoto 100, 65 walikuwa wa kujitolea.

2. Mwanzo wa kazi hii

Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1736, kabla Marekani haijapata uhuru, alikuwako mtu mmoja katika mji wa Philadelphia jina lake Benjamin Franklin. Alikuwa mpiga chapa wa magazeti na vitabu. Wakati huo nyumba nyingi zilijengwa kwa mbao, na watu walipika na kuota moto ndani. Nyumba moja ikiwaka, mtaa mzima ulikuwa hatarini.

Franklin aliandika gazetini kuwaonya watu juu ya hatari ya moto. Kisha yeye na wenzake wakaunda chama cha kuzima moto. Walikuwa watu kama 30. Kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo za ngozi za kuchotea maji, na mifuko ya kutolea mali ndani ya nyumba. Walikutana kila mwezi kuzungumza juu ya moto. Aliyekosa mkutano alitozwa faini. Fedha za faini zilinunua ngazi, kulabu na mashine za kurusha maji.

Watu wengi walitaka kujiunga. Wakashauriwa waunde vyama vyao wenyewe. Hivyo vyama vikaongezeka mtaa kwa mtaa, mji kwa mji.

Baadaye miji mikubwa iliacha mtindo huo. Mji wa Cincinnati ulianza kulipa wazimamoto wake mshahara mwaka 1853, na mji wa New York mwaka 1865. Lakini vijijini kazi ya kujitolea iliendelea, na inaendelea mpaka leo.

3. Siku ya moto

Hebu tuone jinsi kikosi cha kijiji kinavyofanya kazi. Tuchukue mfano wa usiku mmoja wa baridi.

Saa nane ya usiku, mama mmoja anaamka na kuona moshi ndani ya nyumba. Anawaamsha watoto, wanatoka nje wote. Kisha anapiga simu namba 911. Namba hiyo ni ya kuomba msaada wa dharura. Ilianza kutumika mwaka 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama. Sasa inatumika karibu nchi nzima.

Anayepokea simu anauliza mambo mawili kwanza: Uko wapi? Kuna mtu aliyebaki ndani? Halafu anaita kikosi kwa redio. Kila mzimamoto ana kifaa kidogo cha redio, au simu, karibu na kitanda chake. Kifaa kinalia. Katika vijiji vingine king'ora hulia pia juu ya paa la kituo.

Wazimamoto wanaamka na kuvaa haraka. Wengine wanakwenda kituoni kuchukua magari. Kila mtu anajua kazi yake. Mmoja ni kiongozi. Mmoja anaendesha gari na kusimamia pampu. Wengine wanashika mipira ya maji.

Wakifika, hawarukii ndani bila mpango. Kiongozi anaizunguka nyumba na kuitazama pande zote. Anauliza tena kama watu wote wametoka. Wanaoingia ndani huvaa nguo nzito za kuzuia joto, kofia ngumu, na barakoa yenye mtungi wa hewa mgongoni. Moshi wa nyumba ni sumu, nao huua upesi kuliko moto wenyewe. Tena haingii mtu mmoja peke yake. Huingia wawili pamoja. Wengine wawili hubaki nje wakiwa tayari kuwaokoa wenzao.

4. Maji yanatoka wapi?

Mjini kuna mabomba ya maji kando ya barabara kwa ajili ya zimamoto. Vijijini mara nyingi hayako. Hii ndiyo shida kubwa ya kikosi cha kijiji.

Gari la kwanza huja na maji yake, mara nyingi kati ya lita 2,000 na lita 4,000. Unaweza kudhani ni mengi. Lakini mpira mmoja wa kuzimia moto unaweza kutoa lita 500 kwa dakika. Kwa hiyo lita 3,000 zinakwisha kwa dakika sita tu.

Wanakijiji wamebuni njia ya kutatua shida hiyo. Hukunjua tangi kubwa la turubai kando ya barabara. Boza la maji hufika, humwaga maji yake katika tangi hilo, na kuondoka upesi kwenda kuchota mengine mtoni au bwawani. Boza la pili linakuja, halafu la tatu. Wakati huo pampu inavuta maji kutoka katika tangi bila kusimama. Mabozo yakizunguka vizuri, mipira haikauki.

Kikosi kimoja hakina mabozo ya kutosha. Kwa sababu hiyo vijiji jirani hupatana mapema kusaidiana. Moto ukitokea kijiji cha kwanza, cha pili na cha tatu huleta mabozo na watu. Kesho wao wakipatwa na moto, nao watasaidiwa.

Jambo jingine ni baridi. Majira ya baridi maji ya bwawa huganda juu na kuwa barafu. Basi vijiji vingine huweka bomba la kudumu ambalo mdomo wake uko chini kabisa ya maji, mahali pasipoganda. Mdomo wa pili uko kando ya barabara. Gari likifika, huunganishwa na kuvuta maji papo hapo. Kazi hiyo hufanywa kabla ya moto, siyo siku ya moto.

5. Fedha zinatoka wapi?

Watu hawa hawalipwi, lakini vifaa vyao ni ghali sana. Gari jipya la zimamoto linaweza kuzidi dola 500,000. Nguo na mtungi wa hewa wa mtu mmoja ni dola elfu kadhaa.

Fedha hutoka sehemu tatu. Kwanza, kodi ya kijiji au ya wilaya. Pili, misaada ya serikali. Tangu mwaka 2001 serikali kuu ya Marekani hutoa fedha ambazo vikosi huziomba kwa maandishi. Tatu, michango ya wanakijiji. Kikosi huandaa karamu ya kuku wa kuchoma, au chakula cha asubuhi, na watu hununua sahani. Pengine huuza tiketi za bahati nasibu. Mtu anakula, anazungumza na jirani zake, na fedha yake inanunua mpira wa maji. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini fedha huleta maswali magumu. Mwaka 2010, karibu na mji wa South Fulton, jimbo la Tennessee, nyumba moja ilishika moto. Nyumba hiyo ilikuwa nje ya mpaka wa mji. Watu wa nje waliotaka kuhudumiwa na zimamoto wa mji walitakiwa kulipa dola 75 kwa mwaka. Mwenye nyumba hakuwa amelipa. Kikosi hakikuzima nyumba yake. Alisema kuwa yuko tayari kulipa wakati ule ule, lakini ilikataliwa. Moto ulipofika kwenye shamba la jirani aliyelipa, wazimamoto walikuja wakalinda shamba la jirani. Nyumba ile iliungua yote mbele ya macho yao.

Watu wa nchi nzima walibishana. Wengine walisema, kama asiyelipa anahudumiwa, hakuna atakayelipa, na kikosi kitakufa. Wengine walisema, haifai kutazama nyumba ya mtu ikiteketea kwa ajili ya dola 75. Wewe unasemaje? Mtalijadili jambo hili mwisho wa somo.

6. Moyo bila maarifa

Kujitolea ni jambo jema. Lakini moto haujali kama aliyekuja analipwa au halipwi. Unamuunguza yeyote. Ndiyo maana katika majimbo mengi mtu anayetaka kuingia ndani ya nyumba inayowaka lazima asome kwanza, mara nyingi zaidi ya saa 100. Husoma jioni na siku za mapumziko, baada ya kazi yake ya kawaida. Hujifunza tabia ya moto, matumizi ya ngazi, kutafuta mtu ndani ya moshi, na huduma ya kwanza. Pia hufanya mazoezi mara kwa mara.

Tena kuna taarifa ambazo kikosi hakiwezi kuzipata kitabuni. Ni lazima kiambiwe na watu wa mahali pale. Soma habari hii.

Katika jimbo la Texas kuna mji mdogo unaoitwa West. Mwaka 2013 ulikuwa na watu wapatao 2,800. Kulikuwa na ghala la mbolea. Ndani yake ilihifadhiwa mbolea iitwayo amoniamu naitreti. Mbolea hiyo inakuza mazao vizuri. Lakini ikishikwa na moto mkali ndani ya ghala, inaweza kulipuka kama bomu. Ghala na mapipa ya kuwekea mbolea yalikuwa ya mbao. Karibu yake kulikuwa na nyumba za watu, shule, na makao ya wazee.

Tarehe 17 Aprili 2013, jioni, ghala hilo lilishika moto. Wazimamoto wa kujitolea walifika kwa dakika chache. Walianza kazi. Dakika kama 20 baada ya moto kutolewa taarifa, mbolea ililipuka. Watu 15 walikufa. Kati yao 12 walikuwa ni wale waliokwenda kuzima moto na kuokoa wengine. Watano walikuwa wa kikosi cha kujitolea cha West. Watu zaidi ya 200 waliumia, na majumba mengi yalibomoka.

Tume ya serikali ilichunguza jambo hili. Iliona kwamba wazimamoto hawakuwa wamefundishwa vya kutosha juu ya hatari ya mbolea ile. Watu hao walikuwa na moyo. Walikuwa na magari na maji. Walichokosa ni maarifa ya kitu kilichokuwa ndani ya ghala, maarifa ambayo yangewafanya wakae mbali na kuwaondoa watu kwanza.

Hili ndilo fundisho kubwa la somo letu. Moyo wa kusaidia ni mwanzo. Lakini moyo unahitaji mafunzo, vifaa, na habari za kweli. Anayeweka kitu cha hatari karibu na watu anapaswa kusema. Na wanaoishi karibu wanapaswa kuuliza.

7. Kikosi kinapungukiwa watu

Leo vikosi hivi vina shida. Mwaka 1984 wazimamoto wa kujitolea wa Marekani walikuwa 897,750. Mwaka 2020 walikuwa 676,900. Wakati huo huo idadi ya watu wa nchi iliongezeka sana.

Kwa nini wanapungua? Vijana wengi wanahama vijijini. Wanaobaki hufanya kazi mbali, na mchana hawako kijijini. Mafunzo yamekuwa marefu. Wito umeongezeka, na mwingi si wa moto. Kikosi huitwa kwa ajali za barabarani, mafuriko, na hasa wagonjwa. Wazimamoto wengi wa vijijini ni watu wazima wenye zaidi ya miaka 50, na kazi hii ni nzito kwa moyo. Ugonjwa wa moyo ni sababu kubwa ya vifo vya wazimamoto kazini.

Vijiji vinatafuta dawa. Vingine huwaandalia wazimamoto malipo madogo ya uzeeni, kulingana na miaka waliyotumika. Vingine huwapunguzia kodi. Vingine huajiri watu wachache wa mchana, na usiku wanaojitolea huendelea. Vikosi vidogo huungana. Vijana wa shule hufundishwa mapema, ingawa hawaruhusiwi kuingia kwenye moto. Wanawake nao wanajiunga, lakini bado ni wachache. Na tangu mwaka 1976 kuna sheria ya kulipa familia ya mzimamoto anayekufa kazini, hata kama alikuwa wa kujitolea.

8. Moto usiowaka

Kinga ni bora kuliko tiba. Kikosi cha kijiji hakingojei moto tu. Kila mwezi wa Oktoba Marekani huwa na wiki ya kujikinga na moto, kukumbuka moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871. Wazimamoto hutembelea shule na kuwafundisha watoto. Mafundisho yao ni rahisi, na yanafaa mahali popote:

(a) Nguo yako ikishika moto, usikimbie. Simama, lala chini, ubingirike, huku umefunika uso kwa mikono.
(b) Nyumba ikijaa moshi, tambaa. Hewa nzuri iko chini.
(c) Familia iwe na mahali pamoja pa kukutana nje, ili watu wahesabiwe.
(d) Ukishatoka, usirudi ndani kuchukua mali. Mali hutafutwa, uhai hautafutwi.

Maneno mapya

Boza: gari kubwa la kuchukulia maji.
Dharura: jambo la ghafla linalohitaji msaada mara moja.
King'ora: chombo kinacholia kwa sauti kubwa kuwaita au kuwaonya watu.
Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari bila mshahara.
Turubai: kitambaa kizito kisichopitisha maji.
Wito: mwito wa kuja kutoa msaada.

Maswali

1. Kwa nini vijiji vingi vya Marekani havina zimamoto wa mshahara?
2. Chama cha Benjamin Franklin kilipata wapi fedha za kununua ngazi?
3. Kwa nini wazimamoto hawaingii ndani ya nyumba mmoja mmoja?
4. Wazimamoto wa West walikosa nini?
5. Taja sababu mbili za kupungua kwa wanaojitolea.

Hesabu

1. Boza lina lita 8,000. Mipira miwili inatumia lita 1,000 kwa dakika. Maji yatakwisha kwa dakika ngapi?
2. Boza hilo huchukua dakika 24 kwenda, kujaza na kurudi. Je, yanahitajika mabozo mangapi ili maji yasikatike?
3. Kikosi kiliuza sahani 400 za kuku kwa dola 12 kila moja. Gharama zilikuwa dola 1,800. Faida ni kiasi gani?
4. Toka mwaka 1984 hadi 2020 wazimamoto wa kujitolea walipungua kwa watu wangapi?

Mazungumzo ya kikundi

1. Je, zimamoto wa South Fulton walifanya haki? Nusu ya darasa itetee, nusu ipinge. Kila mmoja atoe sababu.
2. Katika kijiji chenu, maji ya karibu yako wapi? Ndoo 50 zinaweza kupatikana kwa muda gani? Nani atakuwa kiongozi?
3. Je, kuna ghala au duka lenye mafuta, mbolea au dawa karibu na nyumba? Nani anajua kilichomo?

Kazi ya kuandika

Andika katika daftari lako majina ya watu wote wanaolala nyumbani kwako. Chini yake andika mahali mtakapokutana moto ukitokea. Kisha andika namba ya kuita zimamoto. Hapa Tanzania namba hiyo ni 114. Wasomee watu wa nyumbani mwako usiku huu.